Aliyechimba Mguu wa Kilima

Yule mzee wa machimbo ya mchanga kule Kisarawe amefariki. Wanaoishi jirani naye wanalijua hilo tangu mvua zilipoanza. Mimi nimechelewa kuliandika katika safu yangu hii, na nimechelewa kwa makusudi. Habari ilinikuta nyumbani kwangu Tangini, Kibaha, asubuhi, kupitia lile kundi la simu la wenye mashamba, ikiwa imezungukwa na michoro ya mikono inayoomba dua. Nilikuwa nakunywa chai. Mtu mstaarabu angeweka kikombe chini. Mimi nilimalizia chai yangu, nikajimiminia nyingine, kisha nikaandika chini ya wenzangu kwamba nawapa pole wafiwa, maana wafiwa sikuwa na ugomvi nao. Naijua desturi yetu. Huku Pwani ukishakata roho unakuwa mtu wa watu, mcheshi, mpenda maendeleo, hata kama jana yake majirani walikuwa wanakuombea mabaya. Leo sitaifuata desturi hiyo. Nina kinyongo na marehemu, nimekitunza kama watu wanavyotunza cheti cha shule, na kama sikukiandika mapema ni kwa sababu palikuwa na mtu mwenye haki ya kusema kabla yangu. Amekwisha kusema.

Nilimjua marehemu kwa sababu ya ugonjwa unaowapata wafanyakazi wengi wa Kibaha wanapoanza kuota mvi: hamu ya kuwa na shamba. Nilinunua kipande cha ardhi mteremkoni kule Kisarawe, nikapanda mananasi. Sitaki kuyazungumzia sana mananasi yale. Mke wangu alipoletewa la kwanza aliuliza kama ni la kula au la kuweka mezani kama pambo. Faida pekee ya shamba lile ilikuwa jirani niliyempata, bwana mmoja mchangamfu aliyekaa na mkewe katika nyumba ya tofali za udongo, juu kabisa ya kilima. Siku za juma alishuka bondeni kupakia mchanga kwenye malori ya mzee wa machimbo. Jumamosi alikuwa wangu. Alifukuza mbuzi wa watu shambani kwangu, akanicheka, akanipa togwa, akanisimulia mambo ya bondeni huku tumekaa kwenye kizingiti chake. Katika umri wangu rafiki mpya hapatikani kirahisi. Mtu huwa tayari ana wale aliosoma nao, na wengi wao hawamchekeshi tena.

Mzee wa machimbo naye, nisimdhulumu, alikuwa na haiba. Alivaa kanzu nyeupe juu ya mabuti ya mpira, na sijui alifanyaje hata kanzu ile isichafuke. Aliwanunulia vijana soda bila kuombwa. Akikuta mgonjwa njiani, lori lake liligeuka kuwa gari la wagonjwa, na hakudai shukrani. Lakini alikuwa na namna yake ya kuchimba, na hiyo ndiyo iliyotufarakanisha. Mchimbaji mwangalifu huanzia juu, akashuka na kilima kwa vidato kama mtu anayeshuka ngazi. Ni kazi ndefu, inataka watu wengi na njia ya lori ya kupanda. Marehemu alianzia chini. Aliwaambia vijana wachimbe mguu wa kilima, waingie ndani kidogo kama wanatengeneza pango, kisha wasogee pembeni wangoje. Baada ya muda ukuta wa juu ulijikatikia wenyewe, ukateremka hadi penye tairi za lori. Njia hiyo aliiita kuuita mchanga. "Mimi sichimbi," alipenda kujigamba. "Mimi nauita tu, nao una adabu, unakuja."

Hapa naomba wasomaji mnivumilie kidogo, kwa kuwa nilisoma jiografia chuo kikuu na tangu nihitimu hakuna aliyewahi kuniuliza swali lolote la jiografia. Chukua mchanga mkavu, umwage taratibu mahali pamoja. Utajenga kichuguu, na kichuguu kitapanda mpaka kifike mwinamo fulani, basi. Ukiongeza hata konzi moja, ngozi ya juu inateleza hadi chini na mwinamo unarudi ulivyokuwa. Kila mchanga una mwinamo wake wa kupumzikia, hauzidishi, hata umbembeleze. Tatizo ni maji. Mchanga wenye unyevu kidogo hushikamana, husimama wima kama ukuta wa nyumba, na anayeutazama hudhani umekubali. Haujakubali. Unasubiri jua liukaushe au mvua iulowanishe kupita kiasi, kisha unarudi kwenye mwinamo wake wote kwa mkupuo mmoja. Na mguu wa kilima ndio unaobeba mzigo wa vyote vilivyo juu yake. Ukiuchota mguu, umechukua konzi chache chini na kuweka rehani kilima kizima juu.

Niliyasema hayo katika mkutano wa kijiji, uliofanyika darasani katika shule ya msingi kwa sababu ya manyunyu. Jirani yangu alikuwa ameniomba niseme, akiamini kwamba maneno ya mtu aliyesoma yatasikilizwa, imani ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeipoteza zamani. Nilikwenda na mfuko wa mchanga. Nikaumwaga juu ya meza ya mwalimu mpaka ukatulia, kisha kwa kijiko nikaanza kuchota pale chini kwenye mguu, na watu wakaona jinsi kila kijiko kilivyoteremsha mchanga kutoka kileleni, mahali ambapo kijiko hakikufika. Nakiri nilijiona nimeng'ara. Ndipo marehemu akainuka na kanzu yake, akanisogelea kwa upole, akaukumba mchanga wote kwa kiganja mpaka ukaanguka sakafuni.

"Profesa," alisema, "umechafua meza ya watoto."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akasahau tulikuwa tunajadili nini. Tukahamia ajenda ya kisima. Tangu siku hiyo kila aliyekutana nami kule aliniita Profesa, hata watoto, na marehemu kila aliponiona alipaza sauti kutoka kwenye lori akiniuliza mchanga unasemaje leo. Mimi nilimjibu shikamoo. Tabasamu nililolitoa nikimjibu hivyo bado linaniuma mashavu. Lakini msidhani kinyongo changu ni cha kuchekwa. Kwa kuchekwa peke yake ningekuwa nimeshamsamehe. Kuchekwa nimeshazoezwa na wahariri wangu.

Masika ya mwaka ule yalipokwisha, ukuta wa bondeni ulikuwa umesimama wima, mrefu kupita nyumba, mwekundu, unang'aa kwa unyevu. Vijana waliusifu. Kisha likaja jua kali, siku baada ya siku, na ukuta ukaanza kudondosha vijipunje vidogovidogo kutoka juu, kama mtu anayepepeta. Saa ya chakula cha mchana jirani yangu alikwenda kukaa mahali pekee palipokuwa na kivuli bondeni, yaani chini ya ukuta huo, na bakuli lake la ugali na dagaa. Nilikuwa shambani. Sikusikia kishindo. Mchanga mkavu hauna kishindo, unatoa mvumo tu kama nguo ndefu inayoburutwa. Nilichosikia ni watu. Tuliteremka mbio, tukakuta vijana wanachimba kwa makoleo, kwa mabeseni, kwa mikono, nami nikapiga magoti nikachimba. Na hapo ndipo nilipouona mfano wangu wa mezani ukifanyika kwa ukubwa wake halisi. Kila tulichochota chini kilijazwa na kilichotoka juu. Tulikuwa tunachimba mguu, na mchanga ulikuwa unakuja kwa adabu. Tulipomfikia alikuwa bado ameshika bakuli.

Msibani, marehemu, namaanisha huyu wa sasa, alisimama mbele ya watu akasema ni kazi ya Mungu na kazi ya Mungu haina makosa. Alileta gunia la mchele, sukari, sanda. Alilia, na nadhani machozi yake yalikuwa ya kweli, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi. Kisha wazee wakamwendea mjane huko ndani alikokaa na wanawake wenzake, wakamwambia kwamba mzee wa machimbo anaomba radhi, kwamba yaliyopita si ndwele, kwamba moyo usiosamehe haupati usingizi. Akasema amesamehe. Ungetaka aseme nini, nyumba imejaa watu wanaokula mchele wa mtu huyo? Msamaha ukapokewa, dua ikasomwa, na kabla matanga hayajaanuliwa malori yalikuwa yamerudi bondeni. Hawakuanzia juu, na vidato havikukatwa. Waliendelea kuchimba mguu, palepale.

Miaka ikaenda. Mchanga wa kilima kile ukaenda nayo, mwingine ukaishia Dar, mwingine kwenye majengo yanayochipuka Kwala, na pengine kidogo kimo ndani ya ukuta ambao wewe msomaji umeuegemea. Ukingo wa machimbo ulipanda kuelekea nyumba ya mjane polepole, kama mgeni anayesogeza kiti chake. Migomba yake ilitangulia kuporomoka. Kisha choo, ambacho kiliondoka mchana kweupe na mabati yake, na watu wa bondeni wakalifanya jambo hilo mzaha wa mwezi mzima. Kisha kwenye ukuta wa jiko ukatokea ufa. Mjane alikwenda ofisi ya kijiji, akapelekwa kwa mzee. Akaenda kwa mzee, akapewa soda, akaambiwa mbona ulishasamehe, mama yangu, tusifukue.

Nilizoea kusimama juu pale nikitazama mchanga unavyoteremka, na kuna jambo moja nililiona ambalo nililiwaza sana nikirudi Kibaha. Mchanga unapoteremka ukiwa na mawe ndani yake, mawe makubwa hayazami. Hupanda juu ya mkondo yakatangulia mbele. Mtu anaweza kudhani yana nguvu ya pekee au yamebarikiwa. Si hivyo. Chembe ndogo huanguka kwenye mianya iliyo chini ya mawe, na kwa kuanguka kwake huyanyanyua. Nimekaa maofisini muda mrefu kiasi cha kuuamini mkondo huo kuliko hotuba yoyote kuhusu uongozi. Wakubwa wetu wengi wako juu kwa sababu wadogo wameanguka chini yao, mmoja baada ya mwingine, kimya, na kila aliyeanguka amewainua kidogo. Kuna nyongeza inayonifariji: jiwe linalotangulia kwenye mkondo ndilo linalofika chini mapema.

Basi mzee naye alifika chini. Nilivaa kofia, nikapanda gari kwenda kuzika. Msiniulize kwa nini mtu mwenye kinyongo anakwenda kuzika. Nadhani nilitaka kuhakikisha. Uwanja ulikuwa umejaa, maturubai yamefungwa, malori yake yamepangwa kando ya njia kama vijana wa heshima. Jeneza lilipotolewa kupelekwa msikitini, shehe alisimama akawakabili watu, kama inavyofanyika kila mahali huku kwetu, akasema marehemu alikuwa binadamu, aliishi na watu, na anayeishi na watu hukosea; kwa hiyo kama yupo aliyekosewa, anaombwa amsamehe ili ndugu yetu aende akiwa mwepesi. Mnajua kinachofuata. Watu huitikia kwa pamoja kwamba wamemsamehe, wengine bila kuacha kutafuta viatu vyao. Mimi nilikunja midomo. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza, huo ndio ulikuwa ushujaa wangu wote. Wenzangu wakaitikia. Na sauti zilipokwisha, ikabaki moja, ya mwanamke, kutoka upande wa nyuma ya nyumba.

"Mimi sijasamehe."

Alikuja akiwa amejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, akasimama pembeni ya turubai, hakusogea zaidi. Lilikuwa jambo ambalo sijawahi kuliona, na kwa nyuso za wazee nikajua nao hawajawahi. Ni swali linaloulizwa kila siku na hakuna anayetegemea kwamba ni swali. Shehe, namsifu, hakumkaripia. Alimwambia kwa upole, "Dada yangu, maiti anasubiri."

"Asubiri. Mimi nimesubiri zaidi yake."

Mtu mmoja akaanza kusema yaliyopita si ndwele. Mjane akamgeukia, akamwambia wala hazungumzii yaliyopita. Ufa wake wa jikoni unapanuka leo, mvua imeanza leo, na yeye analala humo leo. Mara ya kwanza, akasema, mlinijia nyumbani mkataka neno, nikawapa, na neno langu likachimbiwa mguu. Sasa neno ninalo moja tu limebaki. Hapo mtoto mkubwa wa marehemu, kijana nadhifu aliyerithi machimbo na haiba, alimsogelea akainama kidogo kama anavyoinama mtu mwenye adabu.

"Mama, tumzike kwanza mzee. Hili tutalizungumza baada ya matanga."

"Baada ya matanga, baba, wewe una machimbo na mimi nina ufa," alisema. "Leo una shida na mimi. Jaza mguu wa kilima. Rudisha kifusi, shindilia, ulaze ule ukuta. Ukimaliza, nitasema unachotaka niseme."

Kijana aliangalia jeneza, akaangalia watu, na nikaona anatafuta mzaha, kama baba yake angefanya, mzaha ambao ungekumba kila kitu kwa kiganja kimoja mpaka sakafuni. Hakuupata. Pengine haupatikani mbele ya jeneza. Shehe akamwambia ajibu. Akajibu kwamba watajaza. Mjane akauliza lini. Akasema kabla ya arobaini. Mjane akawageukia watu akasema mmesikia, kisha akamwambia shehe, bila kupandisha sauti, mkamzike, la kwangu litamfuata akifanyiwa nilichosema. Wakamzika na mzigo huo. Wanaume waliobeba jeneza walibadilishana mabega mara nyingi kuliko kawaida, au ndivyo nilivyotaka kuona.

Nilikwenda Kisarawe kila Jumamosi baada ya hapo, na safari hizi sikuwadanganya wa nyumbani kwamba nafuata mananasi. Malori yaleyale yaliyokuwa yakitoka yamejaa na kurudi matupu sasa yaliingia yamejaa na kutoka matupu. Yalimwaga kifusi mguuni pa ukuta, lundo baada ya lundo, na kila lundo lilijilaza kwa mwinamo wake, mawe yakibingirika hadi chini kabisa, udongo laini ukibaki juu. Katapila ilishindilia. Upande wa juu wakakata vidato vile vilivyopaswa kukatwa tangu mwanzo. Mjane aliweka kigoda ukingoni, akawa anachambua mchicha huku anatazama. Lori likimwaga mbali na mguu, alinyanyuka tu, akasimama. Dereva alirudi nyuma akamwaga upya. Siku moja kijana wa marehemu alipanda kuja kumsalimu, akampa shikamoo, akamuuliza kama ameridhika. Alimjibu marahaba, akaendelea na mchicha.

Arobaini ilifika, khitma ikasomwa, pilau ikaliwa, nami nikala, kwa kuwa kinyongo hakijawahi kuninyima hamu ya pilau. Bondeni ukuta haukuwepo tena. Palikuwa na mteremko mpana, mlegevu, usio na uzuri wowote, ambao mtoto angeweza kuupanda kwa mikono mfukoni. Ufa wa jikoni ulikuwa umezibwa na haukufunguka kwa mvua zote zile. Shehe alimwita mjane mbele ya familia, akamkumbusha ahadi yake. Kijana alikuwa ameinua viganja tayari kwa dua. Mjane akasema maneno ambayo nimeyasubiri niyaandike.

"La nyumba yangu nimemsamehe, mbele yenu. La mume wangu nimemwachia aende nalo. Huko aliko wanaonana, wataongea wenyewe."

Hakuna aliyemsihi zaidi. Kijana aliteremsha mikono yake, dua ikasomwa hivyohivyo, ya msamaha nusu, na nilipotazama nyuso za waliokuwepo niliona woga kwa wenye machimbo mengine, ambao nao siku moja watalazwa uwanjani huku shehe akiuliza. Nasikia wawili kati yao wameanza kukata vidato. Hakuna afisa aliyewatembelea na mimi sikuwapelekea mfuko wa mchanga. Wamemwona tu mtu mkubwa akienda bila kuwa mwepesi.

Mimi pia sijamsamehe, na safu hii ndiyo jibu langu kwa lile swali la uwanjani nililolinyamazia. Tumezoeshwa kuamini kwamba kisasi ni ukatili na msamaha ni wema, na mara nyingi ni kweli. Lakini kwetu msamaha umekuwa kitu cha kuitikia kwa pamoja, cha bure, na anayefaidika nao ni yule ambaye kesho yake anarudi kuchimba alipochimba. Yule mama hakupiga mtu, hakutukana, hakwenda kwa mganga. Alilishika neno lake akakataa kulitoa mpaka wenzake walale salama. Kama hicho ni kisasi, basi tunakihitaji zaidi. Siku ukiombwa umsamehe mtu, hata akiwa amelala mbele yako ndani ya sanda, una haki ya kuuliza kwanza nani anaishi juu ya shimo aliloliacha, na kama bado linachimbwa, funga mdomo wako, waache wambebe jinsi alivyo.